Mpe Binti Yako Majina ya Kutafuta



Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba leo kuna sheria mbili za simu. Mtoto wa kiume hununuliwa simu, na akikaa nayo barazani mpaka saa nne za usiku hapana anayemuuliza. Dada yake akiomba bando apakue somo la Baiolojia, huulizwa anataka kuzungumza na nani.

Khofu ya wazazi ina msingi. Wapo mabanati waliohadaiwa na watu wasiowajua, picha zao zikasambazwa. Lakini khofu hiyo ingetosha kumzuilia na kaka yake, kwani amri ya kuinamisha macho katika Suratun-Nur imewaanza wanaume kabla ya wanawake. Tukimfungia mmoja na kumwachia mwengine, hatujahifadhi maadili ya nyumba. Tumemnyima mmoja elimu, na mwengine tumemnyima malezi.

Tutazame mtandao unavyofanya kazi. YouTube, TikTok na Instagram huangalia mtazamaji amekawia wapi, kisha humletea zaidi ya hicho hicho. Biashara yao ni matangazo, na matangazo yanataka macho. Binti anayefungua simu bila ya kujua anachokitaka huletewa: leo vipodozi, kesho ngoma, kesho kutwa mwanamke anayesifiwa kwa mwili wake tu. Miezi ikipita, hao ndio anaowahesabu kuwa wanawake waliofanikiwa. Anayetafuta kwa jina, simu hiyo hiyo humfungulia mlango mwengine. Basi jambo kubwa ambalo mzazi anaweza kumpa binti yake pamoja na simu ni majina ya kutafuta.

Na majina yapo. Katika Suratut-Tahrim, Mwenyezi Mungu amewapigia mfano walioamini, wanaume na wanawake, kwa mke wa Firauni na kwa Bibi Maryam. Bibi Shifaa bint Abdillah alimfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume (S.A.W.), zama ambazo wanaojua kalamu walikuwa wachache hata miongoni mwa wanaume. Katika karne ya 5 Hijria, Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahihi Bukhari mjini Makka, na al-Khatib al-Baghdadi, imamu mkubwa wa hadithi, ni miongoni mwa waliosoma kwake. Sheikh Mohammad Akram Nadwi, mwanachuoni wa Kihindi anayeishi Uingereza, amekusanya habari za wanawake wa hadithi katika kitabu cha Kiarabu cha mijalada 43, kilichotoka mwaka 2021. Mijalada 43 familia ya kawaida hainunui. Lakini darsa zake kwa Kiingereza zimo mtandaoni, na binti wa kidato cha nne anaweza kuzisikiliza akiwa jikoni.

Elimu za dunia nazo zina majina yake. Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Tehran, mwaka 2014 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata nishani ya Fields, ambayo ni miongoni mwa tunzo kubwa kabisa za hisabati duniani. Na hapa hapa kwetu, Kinyasini, kina mama wa vijijini hufunzwa kufunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua, na wengi wao hawakusoma sana skuli. Habari zao zimo mtandaoni, na wanazungumza Kiswahili chetu.

Wapo watakaosema kuwa binti anatosheka na mama yake na bibi yake. Kweli, hao ndio kigezo cha kwanza, na hakuna simu itakayoziba nafasi yao. Lakini binti wa Kojani anayependa hisabati huenda hajapata kukutana hata na mwanamke mmoja aliyeisomea chuo kikuu. Anapoambiwa kuwa hesabu si za wanawake, atajibu kwa lipi? Jina moja tu linatosha kuivunja kauli hiyo.

Basi wazazi, wekeni sheria moja kwa watoto wote: simu itumike sebuleni, na usiku ilale chumbani kwa wazazi. Mpeni binti jina moja kila wiki, atafute, kisha baada ya Isha awasimulie aliyoyapata, na baba awepo asikilize. Muulizeni mwanamke huyo alisoma vipi, alivumilia nini na amewanufaisha nani. Mtoto akizoea kuuliza hayo, hata anayeletewa asiyemtafuta atampima kwa mizani hiyo. Kisha mpelekeni kwa mwanamke aliye karibu, akiwa daktari, fundi au mwalimu wa chuoni, amwone kwa macho na amuulize. Aliyemwona mtandaoni humpa hamu, na huyu wa jirani humwonesha njia ya kufika.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu na awajaalie elimu yenye manufaa. Wabillahi tawfiq.