Neno kwa Wazazi: Kijana Mwenye Michezo Miwili

Mzazi mmoja ametuletea swali ambalo twadhani limo katika nyumba nyingi. Mwanawe ana miaka 14, mwepesi wa miguu. Mwalimu wa mpira amtaka aache mbio. Mwalimu wa mbio naye amtaka auache mpira asije akaumia. Michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, yakaribia, na kila mmoja ataka jina la kijana liandikwe upande wake. Baba apenda mpira kwa kuwa mpira una fedha. Mama amenyamaza. Barua hiyo ni ndefu, nasi tuliisoma mara mbili tukilitafuta neno la kijana mwenyewe, hatukuliona.

Kwanza twauliza, haraka hii ni ya nani? Si ya mtoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika waraka wa mwaka 2016, kilishauri kwamba mtoto asifungwe na mchezo mmoja mpaka atimize miaka 15 au 16. Apumzike siku 1 au 2 kila juma. Tena katika mwaka apate jumla ya miezi 3 ya kuuacha mchezo alioushika. Sababu yake yaeleweka. Mifupa ya mtoto anayekua ina sehemu laini karibu na viungo, na mchezo mmoja huvuta mahali pale pale kila siku. Kijana akilalamika maumivu chini ya pia ya goti, pengine na uvimbe, asiambiwe kwamba ni mvivu.

Lakini hapa wazazi hukosea njia. Michezo miwili humfaa mtoto ikiwa mmoja humpumzisha na mwingine. Akikimbia alfajiri kwa mwalimu huyu, na jioni akaucheza mpira kwa mwalimu yule, wala walimu hawasemezani, hapo hana michezo miwili, ana mizigo miwili. Yafaa walimu hao waketi pamoja na mzazi, wazihesabu siku za juma.

Wako walioacha mchezo mmoja kwa wakati wake. Usain Bolt wa Jamaica alipenda kriketi utotoni. Mwalimu wake wa kriketi ndiye aliyeiona kasi yake akamhimiza ajaribu mbio. Mwaka 2009, mjini Berlin, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Twamsifu Bolt, lakini mwalimu yule aliyemwachilia mchezaji wake twamsifu zaidi. Walimu wa namna hiyo ni haba.

Naye Eric Liddell wa Uskoti, wasomaji wetu wengi wamjua kwa habari ya kukataa kukimbia siku ya Jumapili. Habari ya raga haisimuliwi sana. Aliichezea Uskoti raga mara 7 katika miaka ya 1922 na 1923, kisha akaiacha ajitayarishe kwa Olimpiki ya Paris ya 1924, akashinda mita 400 kwa sekunde 47.6. Alipochagua alikuwa amepita miaka 20, mtu mzima, na uchaguzi ulikuwa wake.

Kuhusu fedha hatutasema mengi. Wanaoishi kwa mpira ni wachache, na wanaoishi kwa mbio ni wachache vile vile.

Basi, ndugu yetu, mwite kijana mkiwa wawili tu, umuulize, kisha usikilize bila kumkatiza. Mtazame pia siku ya pili baada ya kushindwa: ni mchezo upi anaourudia bila kuitwa? Safari hii aende na upande atakaoutaja, na mwakani aweza kutaja mwingine. Yule mwalimu atakayekosa, umwendee wewe mwenyewe ukamwambie. Usimtume mtoto wa miaka 14 kumpelekea mwalimu wake habari hiyo.