Usimsingizie Mungu Mafuriko ya Jangwani

Mvua kubwa ikinyesha Dar es Salaam, Barabara ya Morogoro hufungwa pale Jangwani. Unajua. Ninajua. Kondakta wa daladala anajua. Mbona basi kila masika tunashtuka kana kwamba tumeshuka kwenye meli jana?

Tunashtuka, kisha tunatoa jibu lile lile: kazi ya Mungu. Nyumba imesombwa, kazi ya Mungu. Mtoto amekufa maji, kazi ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, sawa. Je, ni Mungu aliyegawa viwanja bondeni? Ni Mungu aliyechimba mchanga mpaka kingo za mto zikaporomoka? Ni Mungu aliyeziba mtaro kwa pampasi na chupa za maji?

Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unakatiza mji, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Jangwani ni bonde lake. Mto ukifurika, ndipo unapotandaza maji yake. Umefanya hivyo tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Sisi ndio tuliovamia.

Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini. Waathirika wakapelekwa Mabwepande, mbali na Kariakoo walikokuwa wakihangaikia riziki. Mwishoni mwa 2015 zikaja alama za X nyekundu kwenye nyumba za bondeni, yakafuata matingatinga. Watu wakaambiwa: hapa ni hatari, ondokeni.

Haya. Nasi wenyewe tulikuwa tumefanya nini? Katika bonde hilo hilo tulikuwa tumeweka karakana ya mabasi ya mwendokasi!

Mabasi yakaanza safari 2016. Maji nayo hayakukawia. Yameingia karakanani msimu baada ya msimu, mabasi yakaharibika, safari zikasitishwa, abiria wakatembea kwa miguu. Maskini aliyejenga chumba na sebule bondeni tulimwita mvamizi. Aliyepanga mabasi yalale bondeni tulimwita mtaalamu. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini sisi tumeambiwa, tumeonyeshwa, na bado tumefumba.

Usiniambie hatuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Maafa tunayo tangu 2022. Mpango wa Sendai wa 2015, unaozitaka nchi zipunguze hatari kabla maafa hayajafika, nasi tumo. Makaratasi tunayo. Mita 60 hatuna.

Sasa bili imeletwa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi: daraja jipya la juu pale Jangwani, mto upanuliwe, wakazi walipwe fidia, karakana ihamishwe. Kazi hiyo ni ya lazima, na ifanywe. Lakini piga hesabu, ndugu yangu: awamu ya kwanza ya mwendokasi nayo ilijengwa kwa mkopo. Tunakopa tena ili kuhamisha tulichojenga kwa kukopa! Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuona sisi, tunaojenga ukuta huo huo mara mbili, na deni tunawaachia wajukuu.

Ndiyo maendeleo hayo? Mama ntilie anaanza upya kila masika: sufuria zimekwenda, mtaji umekwenda, deni la kikoba limebaki. Darasa limejaa tope. Kipindupindu kinabisha hodi. Unaweza kujenga kila mwaka na usisogee hata hatua.

Na si Jangwani tu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilishuka Katesh, likaua watu zaidi ya 80. Aprili 2024, Mai Mahiu nchini Kenya, maji yalikwama kwenye njia yake iliyoziba chini ya reli, kisha yakapasua na kuwafuata watu vitandani alfajiri. Njia ya maji iliyoziba, basi!

Baada ya kila msiba unaiona ile ratiba. Viongozi wanakuja na mabuti ya mpira. Rambirambi, mablanketi, viroba vya unga, picha. Jua likichomoza, kimya. Mpaka msiba mwingine.

Na wewe usijikaushe. Mvua ikianza usiku, nani anatapisha choo mtaroni? Nani anaachia taka ziende kwa jirani wa chini? Nani ananunua kiwanja bondeni kwa bei ya kutupwa, anajua fika kwa nini ni rahisi? Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ndio hao wanaochezea maji yenye kinyesi.

Kumekucha! Nenda kwenye mkutano wa mtaa. Usiulize mablanketi mangapi yamekuja. Uliza mtaro wetu unaishia wapi na ulizibuliwa lini. Uliza nani alitia saini kibali cha kujenga kwenye mkondo. Anayekuja kuomba kura, mwulize hayo hayo mbele za watu, na asipokuwa na jibu, usimpe.

Kunyesha kwa mvua ni amri ya Mungu. Mahali pa maji kupita ni kazi yetu, na kazi hiyo hatujaifanya.