Programu Huria za Simu na Wajibu wa Shule za Katavi

Ni vigumu kutaja chombo cha kisasa kilichoenea nchini kwa kasi kuliko simu ya mkononi, au kinachotumiwa na watu wengi zaidi huku kikieleweka na wachache. Mkoani Katavi simu imefika mahali ambapo kompyuta ya mezani haijafika. Hutumiwa na mkulima wa mpunga wa Mpimbwe, mchimbaji mdogo wa dhahabu, mfugaji, na muuguzi katika zahanati ya kijiji. Mkoa huo ulioanzishwa mwaka 2012 ulikuwa na watu zaidi ya 1,150,000 katika sensa ya mwaka 2022, yaani takriban mara mbili ya idadi ya miaka kumi iliyotangulia. Sehemu kubwa ya watu hao ni vijana na watoto. Je, vijana hao watabaki kuwa watumiaji wa simu tu, au watakuwa watu wawezao kuichunguza, kuipima na kuirekebisha?

Mpaka wa kazi ya fundi

Mafundi wa simu wa Mpanda mjini, kama wenzao kote nchini, wana ustadi unaostahili heshima. Hubadilisha kioo, betri na tundu la kuchajia, na huunganisha kwa lehemu njia za umeme zilizokatika. Lakini kasoro ikiwa ndani ya programu, kazi yao kwa kawaida huishia katika tendo moja: kufuta kila kitu na kuirudisha simu katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Tiba hiyo mara nyingine husaidia, lakini haimwelezi fundi ugonjwa ulikuwa nini, wala haimzuii mgonjwa asiugue tena.

Sababu si upungufu wa akili wala wa bidii. Programu huandikwa kwanza katika lugha ambayo mtu aliyefunzwa huweza kuisoma. Kisha hugeuzwa kuwa tarakimu ambazo prosesa ya simu huzitekeleza. Watengenezaji wengi hutoa tarakimu hizo peke yake, na maandishi ya asili huyaweka siri. Kwa hiyo fundi wa Mpanda hujikuta mbele ya kitabu kilichofungwa kwa kufuli. Mtengenezaji akiacha kutoa masahihisho baada ya miaka michache, simu iliyo nzima kwa umbo huanza kuzeeka kwa programu, na mwenye simu hana la kufanya ila kununua nyingine.

Maana ya programu huria

Programu huria ni ile ambayo maandishi yake ya asili yako wazi, na leseni yake humruhusu mtu yeyote kuyasoma, kuyabadili na kuwagawia wengine. Mfano mashuhuri ni Linux, kiini cha programu kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Kiini ndicho kinachogawa muda wa prosesa, nafasi ya kumbukumbu na matumizi ya vifaa vingine vyote.

Simu za Android nazo hutumia kiini cha Linux. Hata hivyo, sehemu nyingi zinazokizunguka, hasa zile zinazoendesha kamera na modemu, kwa kawaida hubaki zimefungwa. Ndiyo maana kumekuwa na jitihada za kuunda simu ambayo programu zake ziko wazi karibu zote. Miongoni mwa jitihada hizo ni Neo FreeRunner ya mwaka 2008, PinePhone iliyoanza kuwafikia wajaribu mwanzoni mwa mwaka 2020, na mfumo wa postmarketOS uliotangazwa mwaka 2017 kwa shabaha ya kuzifanya simu zidumu kwa miaka kumi.

Mfano wa usingizi wa simu

Historia ya PinePhone ina somo zuri kwa darasa la sayansi. Simu hiyo ilipotoka, betri yake iliisha katika saa chache hata pale ilipokuwa haitumiki. Kiwanda hakikuhitaji kubuni betri mpya, kwa sababu kasoro ilikuwa katika namna simu ilivyolala. Simu inapotulia, prosesa kuu inapaswa kuzimwa karibu kabisa, na kazi ya kukesha kuachiwa prosesa nyingine ndogo inayokula umeme kidogo sana. Mwaka 2020 waandishi wa programu waliojitolea waliiwezesha PinePhone kutumia programu huria iitwayo Crust, inayoiendesha prosesa hiyo ndogo. Simu ikaweza kukaa kimya kwa zaidi ya siku moja.

Lakini dawa hiyo ilidhihirisha ugonjwa mwingine. Modemu, yaani sehemu inayozungumza na mnara, hubaki macho simu inapolala. Mtu akipiga simu, modemu huiamsha prosesa kuu, ambayo huamka, huanzisha programu zake na kupokea taarifa. Ikichelewa, mpigaji hukata kabla mlio haujasikika. Watumiaji wa nchi mbalimbali walianza kuandika saa na dakika za matukio, wakasoma kumbukumbu zinazotunzwa na kiini, wakabadili kitu kimoja kimoja na kulinganisha matokeo. Masahihisho yakapatikana hatua kwa hatua, mengine yakihusu hata programu za ndani ya modemu yenyewe.

Mwalimu wa fizikia au kemia atatambua kwamba huu ndio utaratibu anaoufundisha kila siku: kulieleza tukio kwa usahihi, kulirudia, kubadili jambo moja tu kwa wakati, kupima, na kuandika ripoti ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata na kupata matokeo yale yale. Na mwananchi wa Mpanda hahitaji kuelezwa thamani ya betri inayodumu, maana kwa miaka mingi mji huo ulikuwa nje ya gridi ya taifa na ulitegemea mitambo ya dizeli.

Asiyekuwapo na lake halipo

Wapo watakaosema kwamba kazi hizi ni za mataifa tajiri. Historia yetu yenyewe inakanusha dai hilo. Mwaka 2004 wataalamu wa kompyuta na wa lugha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walikamilisha Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili. Maandishi ya programu hizo yalikuwa wazi, hivyo hakuna aliyelazimika kusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Kiswahili kina faida sokoni. Watu walikaa, wakatafuta istilahi, wakatafsiri, wakajaribu na kusahihisha.

Kasoro inayomsumbua mtu wa Katavi, kama vile mtandao hafifu au simu kukatika mtu anapotoka eneo la mnara mmoja kwenda mwingine, huenda isionekane kabisa mjini Berlin au Hong Kong. Isiporipotiwa na mtu aliyeko Katavi, haitarekebishwa. Aidha, kipuri cha chuma husafiri mbali kwa reli ya Kaliua au kwa barabara kabla ya kufika Mpanda. Sahihisho la programu halihitaji behewa. Katika ufundi wote wa simu, hii ndiyo sehemu ambayo umbali wa mkoa unaweza kuizuia kidogo kuliko zote, na ndiyo sehemu ambayo vijana wake hawajaigusa.

Pingamizi za haki

Haitakuwa haki kuzisifu simu za Linux kupita kiasi. Kamera zake mara nyingi ni dhaifu, na betri zake bado huhitaji uangalizi. Programu za benki na za pesa za simu hutengenezwa kwa ajili ya Android na iPhone, na kwa kawaida haziendi moja kwa moja katika simu hizi. Mfanyabiashara wa sokoni Mpanda akishauriwa leo aiache simu yake na kuchukua ya Linux, atakuwa ameshauriwa vibaya. Tena, kanuni za shule huzuia wanafunzi kumiliki simu shuleni, kwa sababu zinazoeleweka.

Pingamizi hizo zinahusu simu ya mfukoni. Kinachohitajika shuleni ni simu ya maabara, inayokaa chini ya ufunguo wa mwalimu pamoja na mizani na darubini. Kasoro za simu hizo, ambazo kwa mfanyabiashara ni hasara, kwa mwanafunzi ni mali. Chombo kisicho na hitilafu hakimfundishi mtu kutafuta hitilafu.

Kinachoweza kufanywa

Shule haihitaji kununua simu mpya. Simu moja au mbili zilizotumika zinatosha, mradi ziwe za aina ambazo watengenezaji wa mifumo huria wameshazithibitisha, kwa kuwa si kila simu hukubali kubadilishwa mfumo. Isitumike kamwe simu pekee ya familia, kwa kuwa kazi hiyo hufuta yaliyomo, na kosa moja linaweza kuiua simu. Betri iliyovimba isiguswe na wanafunzi. Baada ya hapo kikundi cha sayansi kinaweza kuanza na mambo madogo: kupima betri inadumu saa ngapi simu ikilala na ikiwa macho, kusoma kumbukumbu za kiini kwa amri iitwayo dmesg, kutafsiri maneno ya kwenye kioo kwa Kiswahili sanifu, na kuandika ripoti moja ya kasoro iliyo kamili. Ripoti hizo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, hivyo mwalimu wa lugha naye atapata nafasi yake.

Wakuu wa elimu wa mkoa na halmashauri wanaweza kusaidia kwa jambo moja lisilo na gharama kubwa: kuitambua kazi hiyo kuwa sehemu halali ya mafunzo ya vitendo, ili mwalimu anayeithubutu asionekane anachezea simu. Mafundi wa mjini nao waalikwe, kwani ustadi wao wa vifaa ukikutana na usomaji wa programu, kila upande utapata ulichokosa.

Taifa linalonunua vyombo na kuachia wengine siri ya kuvitengeneza hubaki mteja daima. Programu huria zimeiweka siri hiyo wazi, mahali ambapo mwanafunzi wa Mpanda anaweza kuifikia. Maandishi yapo, na leseni inaruhusu. Kilichobaki ni shule kumfundisha kijana kuyasoma.