Alumini Haishiki Kutu, Lakini Huliwa

KILA anayepika githeri anajua jambo hili: ukitia magadi katika sufuria ya alumini, sufuria hugeuka nyeusi ndani. Alumini haishiki kutu, hilo ni kweli. Si kweli, hata hivyo, kwamba haidhuriki. Somo hilo la jikoni wengi wetu hulisahau tunapopeleka gari kwa fundi.

Mjomba wangu ana Land Rover ya zamani ambayo kwa miaka mingi imebeba jamii nzima, watoto wakikaa nyuma. Siku moja iligonga jiwe, bati la chini likapindika na kupasuka. Fundi alilinyoosha, akaweka kiraka na kukifunga kwa bolti za chuma. Mjomba alipouliza habari ya rangi, alijibiwa: "Mzee, hii ni alumini. Wacha tu hivyo, haishiki kutu."

Misimu miwili ya masika baadaye, mjukuu wake alikanyaga sakafu ya nyuma na kiatu kikazama. Bati lililozunguka zile bolti lilikuwa limegeuka unga mweupe. Tulimshukuru Mungu kwamba gari lilikuwa limesimama.

Alumini ikikwaruzwa, hewa huifunika mara moja kwa ngozi nyembamba inayoikinga. Lakini uvunguni mwa gari ngozi hiyo hupigwa na kokoto na kulowa matope na chumvi. Baya zaidi ni pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu. Madini hayo mawili hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Kule Pwani, ambako hata hewa ina chumvi, mambo huenda kasi zaidi.

Land Rover ya kwanza ilitokea mwaka wa 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Vikuu vya Pili. Ndiyo sababu bodi ilitengenezwa kwa alumini, huku chasisi ikiwa ya chuma. Wala hili si la wenye magari makuukuu pekee. Audi A8 ya 1994 ilikuwa na bodi ya alumini, na Range Rover iliyotolewa 2012 vilevile.

Je, fundi akimaliza kunyoosha bati, afanye nini?

Kwanza, alioshe, aondoe mafuta yote na alikaushe kabisa.

Pili, asugue unga mweupe kwa msasa mpya hadi alumini safi ionekane. Asitumie stilwuli, brashi ya waya wa chuma, wala msasa uliokwisha kusugua chuma. Chembe za chuma hujikita ndani ya alumini na kuanzisha ugonjwa upya.

Tatu, apake praima siku iyo hiyo, kabla bati halijashikwashikwa wala kupata vumbi. Iwe praima ya epoksi au ya asidi ambayo tini yake inasema inafaa alumini. Achague moja na kufuata maagizo, asipake moja juu ya nyingine kwa kubahatisha. Ile rangi nyekundu inayopakwa mageti ilikusudiwa chuma. Juu ya alumini haishiki vizuri.

Nne, kiraka kiwe cha alumini. Mahali kinapokutana na chuma, atenganishe kwa raba au plastiki, na bolti ziwekewe washa za plastiki. Viungo vyote vizibwe maji yasipenye.

Tano, praima ikishakauka, ndipo rangi ifuate, na mwisho ule mpako mzito mweusi wa kuzuia mawe. Ukipakwa juu ya bati tupu, maji hupenya chini yake na kula bati bila wewe kuona. Matundu ya kutolea maji yasizibwe, wala breki na ekzosi zisipakwe.

Kuna wanaopulizia oili chafu badala ya haya yote. Oili hiyo huharibu raba, na ikidondokea breki ni hatari kwa maisha.

Ukirudi kutoka Pwani, osha uvungu wa gari kwa maji safi mengi. Epuka sabuni kali zenye soda. Kumbuka magadi na sufuria.

Mwisho, mwambie fundi asifunike kitu kabla hujaona praima kwa macho yako. Mwenye gari hahitaji ufundi ili kutofautisha bati lililopakwa na bati tupu. Mjomba alijinyima tini moja ya praima, akaishia kununua sakafu nzima. Leo wajukuu wake hawapandi kabla hajainama kuchungulia uvunguni.