Neno la Mhariri: Maji Yanayolisha, Maji Yanayoua

Mkulima wa bonde la Rufiji hupanda mpunga mvua za kwanza zinaponyesha, kisha huyangoja maji ya mto. Yakija kwa kiasi na kwa wakati wake, mpunga hurefuka pamoja nayo. Yakija mapema au kwa kishindo, huuzamisha. Yasipokuja kabisa, hiyo nayo ni njaa. Yakishapungua, kuelekea Juni, hupandwa mlau: mahindi, kunde na maboga katika tope bichi ambalo mto umelileta bila mtu kununua mbolea. Maji hayohayo huingiza samaki katika maziwa ya pembezoni, na huko deltani huisukuma nyuma chumvi ya bahari, kambamiti wakapata pa kukulia kati ya mikoko.

Nimeanza na shamba kwa sababu toleo hili linahusu kinga ya mafuriko, na wengi wetu tunaoijadili kinga hiyo tunaishi mbali na bonde. Tukiona picha ya shamba lililofunikwa na maji, tunaita maafa hata pale mwenye shamba anaposhukuru.

Kosa hilo si geni. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamisha wakazi wa bondeni hadi vijiji vipya vya miinukoni, katika Operesheni Rufiji. Sitaki kuibeza: kuzifikishia shule na zahanati nyumba zilizotawanyika bondeni kulikuwa kazi ngumu kweli. Lakini mashamba hayakuhama. Aliyezoea kulala ndani ya dungu, juu ya nguzo zake, akiamka usiku kufukuza nguruwe, sasa alitakiwa kulilinda shamba akiwa mbali nalo. Wengi walirudi madunguni kila msimu. Nyumba ilikuwa imekingwa dhidi ya maji, na mavuno yakaachiwa nguruwe na nyani.

Leo mto una bwawa la Julius Nyerere: ukuta wa mita 131, mitambo 9, megawati 2,115. Umeme huo tunauhitaji, nami ni mmoja wa wanaoutumia. Bwawa lilianza kujazwa Desemba 2022, na kudhibiti mafuriko kulikuwa miongoni mwa faida zilizotajwa. Aprili 2024 wilaya za Rufiji na Kibiti zikazama, nyumba na mashamba pamoja. Serikali ilieleza kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Wakazi wengi walilalamikia maji yaliyofunguliwa. Hata tukikubali maelezo ya Serikali neno kwa neno, linabaki jambo linalonisumbua zaidi. Bwawa hulimeza kwa urahisi furiko dogo na la wastani, yaani lile linalolisha. Furiko kubwa likija bwawa limeshajaa, milango haina budi kufunguliwa. Basi bonde linaweza kunyimwa maji ya kawaida miaka kadhaa, watu wakaanza kujenga palipokauka, halafu likapokea yale yanayoua. Na tope lenye rutuba, kwa sehemu kubwa, hubaki nyuma ya ukuta.

Kaskazini mwa Kamerun walilipitia hili. Bwawa la Maga lilijengwa 1979 kwa ajili ya skimu ya mpunga, pamoja na matuta kandokando ya mto Logone. Uwanda wa Waza ukakosa maji yake; wavuvi na wafugaji wakapoteza samaki na malisho. Mwaka 1994, kisha 1997, tuta likafunguliwa kwa makusudi. Nyasi zikarudi, samaki wakarudi.

Rufiji haihitaji kubomoa chochote. Inahitaji maji ya kutolewa kwa makusudi, kwa kiasi na kwa majira ya mpunga, hata kama kila mita ya ujazo inayopita nje ya mitambo ni umeme uliopotea. Hasara hiyo ihesabiwe waziwazi, na iwekwe kando ya magunia ya mpunga, samaki wa maziwani na kambamiti wa delta, ambao hadi sasa wanagharimia kinga yetu bila kuandikwa popote. Na mkulima wa Mohoro, huko bondeni Rufiji, aambiwe Desemba, kabla hajamwaga mbegu, ni maji kiasi gani yatafunguliwa Machi na Aprili, na ni nani atakayempigia simu mpango ukibadilika.