Mtutu Uliobadilishwa na Daftari Lisilobadilishwa

Kwa sheria ya mwaka 2023 mikoa 18 ya Burundi iliunganishwa kuwa 5, na mgawanyo huo ukaanza kutumika mwaka 2025. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, umebaki katika mkoa wenye jina lake. Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Ofisi zinapounganishwa, madaftari nayo hupelekwa mahali papya, na miongoni mwake limo lile ambalo wengi hulifungua kwa nadra mpaka siku ya balaa: daftari la silaha. Leo twapenda kuzungumza na ndugu askari wa jeshi na wa polisi juu ya safu moja tu ya daftari hilo, yaani safu ya aina ya risasi.

Watu wengi hudhani kwamba bunduki ikishatoka kiwandani, risasi yake imekwisha kuamuliwa milele. Sivyo. Fundi mwenye zana zifaazo aweza kuichonga upya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inakokaa risasi, akairefusha ili ipokee ganda kubwa lenye baruti nyingi zaidi. Mara nyingi risasi ya namna hiyo haitengenezwi na kiwanda chochote. Ganda lake huundwa na fundi kutokana na ganda la risasi nyingine.

Mfano ulio mashuhuri watoka katika bara letu. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi ya .458 kwa ajili ya tembo na nyati, ikaenea kwa wawindaji na walinzi wa wanyama wa Afrika Mashariki. Ganda lake lilikuwa fupi, milimita 63.5, na baruti ilishindiliwa humo kwa nguvu. Ikikaa muda mrefu iliweza kugandamana, na risasi ikakosa kasi. Mwaka 1959 mwindaji wa Kimarekani, Jack Lott, alijeruhiwa na nyati nchini Msumbiji alipokuwa akitumia risasi hiyo. Baadaye, mnamo 1971, alibuni risasi yake mwenyewe yenye ganda la milimita 71, akilitoa katika ganda la risasi ya .375 ya Holland & Holland, iliyokuwapo tangu 1912. Mwenye bunduki ya .458 aliweza kuipeleka kwa fundi, chemba ikarefushwa kwa milimita saba na nusu hivi, na mtutu ukabaki ule ule.

Kwa mwindaji, jambo hilo lilikuwa na faida. Kwa mlinzi wa sheria lina mitego mitatu.

Mtego wa kwanza ni uhai wa mpigaji. Bunduki iliyorefushwa chemba yaweza kupokea risasi fupi ya zamani, lakini ile isiyorefushwa haiwezi kupokea ndefu bila hatari. Zaidi ya hayo, maandishi yaliyo juu ya mtutu yaweza kubaki yale ya kwanza, yakimdanganya asomaye. Ndiyo maana katika nchi zinazofuata kanuni za tume ya kimataifa ya upimaji wa silaha, iliyoundwa mwaka 1914 na yenye makao Ubelgiji, silaha iliyobadilishwa chemba hurudishwa kupimwa. Hupigwa kwa risasi zenye shinikizo linalozidi lile la kawaida kwa asilimia 25, ndipo igongwe muhuri mpya. Mjini Liège desturi ya kuipima mitutu iliamriwa tangu 1672. Bunduki isiyo na muhuri huo haijathibitishwa na mtu yeyote.

Mtego wa pili ni wa mpelelezi. Wahenga walisema, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Ganda la risasi lililoachwa mahali pa tukio ndilo kivuno cha polisi, kwani kitako chake huandikwa aina ya risasi na alama ya kiwanda. Lakini risasi iliyobuniwa na fundi hubeba jina la ganda mama. Kabla viwanda havijaanza kutengeneza ganda la Lott lenye jina lake, kitako chaweza kusema .375 na hali risasi iliyotoka ilikuwa pana zaidi. Isitoshe, chemba iliyochongwa upya huacha mikwaruzo mipya ubavuni mwa ganda, hata lile lililohifadhiwa zamani kwa kulinganisha lisiafikiane nalo. Mpelelezi asikate tamaa kwa hayo: alama ya pini ya kufyatulia, alama za uso wa kufuli, na mikwaruzo ya mtutu juu ya kichwa cha risasi huweza kubaki zile zile. Basi alipime ganda kwa milimita, asitosheke na kulisoma.

Mtego wa tatu ni wa ghala, na historia ya nchi yetu yaufundisha. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki walibeba Mauser ya mwaka 1871 yenye risasi ya milimita 11, ambayo baruti yake nyeusi ilitoa moshi na kumfichua mpigaji. Wengine walikuwa na Mauser mpya ya milimita 7.9. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, ziliongezeka mamia ya bunduki za Waingereza za milimita 7.7. Jeshi moja, risasi za aina tatu, na kila sanduku lililokosea njia lilikuwa mzigo wa bure mgongoni mwa mpagazi. Wabelgiji waliingia Gitega Juni 1916.

Tuje katika siku zetu. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia sahihi Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, inayotaka silaha ndogo ziwekewe alama na kumbukumbu. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa ulipitisha mwongozo wa kufuatilia nyendo za silaha, lakini risasi hazikuingizwa humo. Pengo hilo lilianza kuzibwa Desemba 2023, ulipopitishwa mpango wa dunia wa kuzisimamia risasi tangu zitengenezwapo hadi mwisho wake. Mipango hiyo ni mizuri. Hata hivyo, namba iliyogongwa juu ya bunduki haisemi chemba yake imechongwaje.

Askari wa Muyinga ana sababu ya kulijali jambo hili kuliko wengi. Upande mmoja ana mpaka wa Kobero na barabara ya Tanzania. Upande mwingine ana hifadhi ya Ruvubu, ambamo nyati bado wapo. Hapo ndipo bunduki ya uwindaji yaweza kukutana na askari aliyezoea Kalashnikov. Tena zipo zile za mafundi wa kienyeji, ziitwazo mugobore, zilizojulikana katika vita vilivyoanza mwaka 1993, ambazo chemba zake hazikufuata kipimo cha kiwanda chochote.

Basi silaha ngeni ikiletwa kituoni, iwe Muyinga au Gitega, isijaribiwe kwa risasi iliyoelekea kuingia. Fundi wa silaha aipime chemba yenyewe. Daftari liandikwe mambo mawili mbalimbali: yale yanayosomwa juu ya mtutu, na yale yaliyopimwa ndani yake. Yakitofautiana, tofauti hiyo iandikwe wazi pamoja na tarehe na cheo cha aliyepima, na risasi zake zitengwe katika sanduku lenye namba ya bunduki hiyo.

Kazi hiyo haitaki mashine ya gharama. Yataka kipimo cha milimita, kalamu, na askari asiyeona haya kumwambia mkuu wake kwamba maandishi ya mtutu hayaafikiani na chemba. Daftari litakalotoka Muyinga likiwa na kosa litaendelea kukosea popote litakapopelekwa, na atakayelipa kosa hilo ni askari mwenzetu, siku atakapoinua bunduki begani akiamini maandishi.