Hayo si Maoni, ni Matibabu

Mwandishi mmoja anadai ushauri wa dawa tunaopeana kwenye simu na vibarazani hauna madhara: ni maoni tu, mtu mzima atapima mwenyewe, na kilichomponya mwenzako kitakuponya na wewe.

Atapima kwa kitu gani? Malaria na nimonia hazitofautishwi kwa kupapasa paji la uso. Kipimo cha haraka cha malaria hutaka tone la damu na dakika kama 20. Washauri wote kwa pamoja hawana tone hilo.

Lakini hicho cha “kilichomponya mwenzako” ndicho kibovu kuliko vyote. Dozi ya dawa mseto ya malaria, ALu, kwa mtu mzima ni vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3: jumla 24. Mtoto wa kilo 12 hupewa kimoja kila mara. Shangazi anaandika “mpe mseto, atapona”, uzito hakuuliza. Mwingine anadakia kwamba yeye aliacha siku ya pili alipopata nafuu. Huenda vimelea vimebaki mwilini, naye anafundisha! Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Tuipoteze na ALu?

Eti maoni. Maoni ni kusema pilau imezidi chumvi. Kumtajia dawa mama aliyepakata mtoto mwenye homa saa 8 usiku ni kutibu. Ukitaka kumsaidia, mwulize: mtoto ananyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Kama kuna dalili ya hatari hata moja, mtafutie bodaboda ya kumfikisha hospitali.